Mkate wa Bibi Mahira

"Elfu moja," nilimwambia Nedim, noti nikiipepea mbele ya pua yake. "Rubli elfu moja, milo mitatu. Jioni ukilegeza mkanda kwa shibe, mimi nimeshinda, na wewe unampigia mkurugenzi simu."

"Na nikifa njaa?"

"Ukifa njaa, panda treni yako ya saa moja na dakika arobaini. Wala usitegemee nije kukupungia mkono."

Alicheka. Mimi nilicheka kuliko yeye, ili asijue jinsi nilivyoogopa. Tulikuwa tumesimama nyuma ya soko kuu la Kazan, saa tatu asubuhi, mwezi wa tatu, theluji imeanza kulainika na kugeuka tope. Sanduku lake lilikuwa tayari limehifadhiwa kituoni. Tiketi ilikuwa mfukoni mwa koti lake. Nami nilikuwa na siku moja tu.

Siku tisa kabla ya hapo, mtu huyu alikuwa ameingia kantini kwetu, ninakopakua supu, akaketi mezani na kungoja. Akangoja dakika arobaini. Watu wanapita na sinia zao, wanajipangia mstarini, wanakula, wanaondoka, yeye amekaa wima kama bwana harusi anayengoja kuletewa. Dada Venera wa kwenye malipo akaniambia, "Tansilu, yule ama ni mgeni ama amekufa. Nenda kaangalie." Nikaenda na bakuli la supu. Akainua macho. Basi. Ningekuwa na akili ningeweka bakuli nikarudi zangu, lakini akili yangu siku hiyo ilibaki jikoni.

Alikuwa fundi wa piano kutoka Sarajevo. Shule moja ya muziki ilimwita atengeneze piano zake kumi na moja, na alipozimaliza, mkurugenzi akamwomba abaki mwaka mzima. Jibu lilitakiwa kabla ya jioni ya leo. Na jana, mbele ya supu yangu mwenyewe, Nedim alikuwa ameniambia, "Mshahara ni mzuri, Tansilu, ila mji wenu unanitafuna. Siku tisa nimekula rubli elfu thelathini. Mwaka mzima nitauweza vipi? Nimekata tiketi."

Mtu mwingine angelia. Mimi nilikasirika. Elfu thelathini! Alikuwa akila wapi, ikulu?

"Chukua," nikamwambia sasa, nikimpa daftari dogo na kalamu. "Utaandika kila bei. Kila kitu. Nisije nikaambiwa baadaye nilikudanganya."

"Naandika kwa njia yangu?"

"Andika hata kwa miguu, mradi uandike."

Tukaingia kwenye duka la mikate, mahali ambapo hakuna hata kibao mlangoni, kuna harufu tu. Nikamnunulia echpochmak moja, andazi letu la nyama na viazi, ya moto, pembe zake tatu zimeiva rangi ya kahawia, na glasi ya chai ya maziwa. Mimi nikasema nimeshakula nyumbani. Uongo mtupu. Roho ilikuwa juu juu.

"Hii ni kama burek yetu," alisema, akiigeuzageuza. "Ila burek ni bora."

"Sema hivyo kwa sauti uone kama utatoka humu na meno yote."

Akaing'ata katikati, kwa nguvu zote, kama mtu anayeuma tofaa. Mchuzi ukaruka! Ukampata kidevuni, ukashuka kwenye mkono, ukaingia ndani ya shati. Mama mmoja wa foleni akapiga kelele, "Msichana, mfundishe mumeo kula!"

"Si mume wangu!" nikasema, uso unaniwaka.

"Basi mfundishe kabla hajawa wa mwingine."

Nilimshika mkono wenye echpochmak nikaugeuza. "Pembe kwanza. Ng'ata kidogo. Sasa unywe mchuzi. Pole pole. Nani anakufukuza?"

Akanywa. Macho yake yakafumba, yakafumbuka, yakanitazama. Yalikuwa macho ya kijivu, na yalinitazama muda mrefu kuliko inavyohitaji mtu kumeza mchuzi. Nikauachia mkono wake haraka kana kwamba ni sufuria ya moto.

"Bado burek ni bora?" nikauliza.

"Burek ni nani?"

Akaandika daftarini. Nikachungulia. Echpochmak ilikuwa rubli tisini na tano, chai thelathini na tano. Jumla mia na thelathini, hata mtoto wa chekechea anajua. Yeye alikuwa ameandika mia mbili na sitini.

"Wewe! Hesabu hii umeifanya na macho au na masikio?"

"Nimekwambia ninaandika kwa njia yangu."

"Njia yako itakufilisi. Ndiyo maana elfu thelathini!"

Akatabasamu, akafunga daftari, akalitia mfukoni.

Saa sita kamili nikampeleka mtaa wa Bauman. Alipoona mlango nilioukusudia, alisimama kama punda aliyeona daraja bovu. Mlangoni palikuwa na kijana wa kofia ya nakshi na koti la manyoya, anapiga makofi na kuwaita wapita njia waingie kuonja karamu ya sultani.

"Hapana. Hapa hapana. Huyu ndiye aliyenishika mkono siku ya kwanza."

"Ulilipa ngapi?"

"Elfu tatu na mia mbili. Na kulikuwa na mwanamke anayepiga kodiani sikioni mwangu, kila nikiinua kijiko na yeye anaongeza sauti. Nilitoka hapo nikaenda kununua biskuti."

"Masikini! Twende."

"Tansilu, sitaki."

"Unaniamini au huniamini?"

Alinitazama. "Nakuamini," alisema taratibu, kama mtu anayeweka kitu cha kuvunjika mezani.

Tukaketi. Mhudumu akaja na kile kitabu chao kinene chenye picha, akakifungua mbele ya Nedim kwenye ukurasa wa nyama ya farasi. Nikakifunga.

"Kaka, tunaomba chakula cha mchana."

Mhudumu akajifanya hajasikia. "Tuna bata wa kuokwa, tuna sinia ya..."

"Cha mchana, kaka yangu. Ile karatasi."

"Karatasi gani?"

"Ile mnayowapa watu wa ofisi hiyo ghorofa ya juu kuanzia saa sita hadi saa kumi. Mimi ni mtu wa kantini, tusichoshane."

Akanitazama, akamtazama Nedim, akakuna sikio. "Dada, si ungesema mapema." Akaleta ukurasa mmoja wa karatasi, umechapwa upande mmoja, una doa la chai. Saladi, supu, kitonge cha nyama na nafaka ya grechka, glasi ya kompoti ya matunda. Rubli mia tatu na tisini vyote kwa pamoja.

Nimewahi kumwona mtu akishinda bahati nasibu kwenye televisheni. Uso wake ulikuwa na utulivu kuliko wa Nedim alipoonja ile supu.

"Ni ileile!" alinong'ona. "Tansilu, ni supu ileile! Bakuli lileile, hata hili ua lililofutika ukingoni! Usiku ule niliilipia mia sita peke yake!"

"Hakuna kodiani tu."

"Hakuna kodiani," alisema, na machozi ya kicheko yakamtoka. "Mungu wangu. Kwa nini mtu haambiwi?"

"Mtu anaambiwa akiuliza. Menyu ya picha ni ya mgeni. Ya karatasi ni ya mwenyeji. Sheria ya kwanza, ukiona mtu amevalishwa nguo za kale anakuita mlangoni, pita upande wa pili wa barabara. Sheria ya pili, mlo mkubwa ule mchana, wakati watu wa kazi wanakula. Sheria ya tatu, jioni nenda dukani kwenye kaunta ya vyakula vilivyopikwa. Ikipita saa moja wanapunguza bei, hawataki vilale. Na kahawa ya kukaa kwenye kiti cha mahameli usinywe mpaka siku ya mshahara."

"Na chumba? Hoteli inanila elfu nne kwa usiku."

"Kwani fundi wa shule anaishi hotelini? Kwenye jengo letu kuna mjane anaitwa Vasilya, anapangisha chumba. Elfu kumi na tano kwa mwezi, na gesi na umeme ndani yake. Tatizo lake ni paka."

"Paka ana tatizo gani?"

"Anajiona yeye ndiye mwenye nyumba."

Aliandika. Aliandika kwa kasi, ulimi umetokeza pembeni mwa mdomo. Nilichungulia tena, nikaona mia saba na themanini palipotakiwa kuwa mia tatu na tisini. Nikamwonea huruma. Nikajisemea, mkono unaojua kuweka nyuzi mia mbili na ishirini za piano sawasawa haukosi kasoro yake.

Tulitembea kando ya ziwa Kaban. Barafu ilikuwa bado imelala, lakini katikati ilikuwa imepiga weusi na wavuvi walikuwa wamekimbia. Nilikuwa nimesahau glovu. Nedim akavua yake moja akanivisha mkono wa kushoto, kisha mkono wangu wa kulia akautia mfukoni mwa koti lake, pamoja na wake. Hakuniomba ruhusa, wala sikuuliza. Tukaenda hatua kumi, ishirini, hamsini. Vidole vyake vilikuwa vigumu nchani kwa ajili ya nyuzi. Nilitaka ziwa lile lisiwe na mwisho.

Kisha kidole changu kikagusa ncha ya karatasi.

Tiketi.

Nikajikaza kisabuni. "Una saa ngapi?"

"Saa tisa na nusu."

"Bado mlo mmoja," nikasema kwa uchangamfu wa kuazima. "Na rubli mia nne na themanini."

"Tansilu..."

Simu yangu ikalia. Ilikuwa bibi yangu, na bibi yangu hasalimii kwenye simu, anaona ni kupoteza muda.

"Venera ameniambia."

"Amekuambia nini, Bibi?"

"Ameniambia yote! Umeomba siku ya mapumziko unazunguka mjini na mtu wa piano, unamlisha barabarani kama njiwa. Mlete hapa nimwone."

"Bibi, anasafiri leo."

"Basi mlete upesi."

Nedim alisema haiwezekani aingie nyumba ya watu mikono mitupu. Alikimbia dukani kabla sijamzuia, akarudi na boksi la chak-chak, vitamu vya unga na asali, lenye utepe, anang'aa kwa furaha. Sikuwa na moyo wa kumwambia kwamba kumpelekea Bibi Mahira chak-chak ya dukani ni sawa na kumpelekea mfinyanzi chungu.

Bibi alilipokea boksi kwa ncha za vidole, akaliweka juu ya friji, mbali, kama kitu kinachoweza kuambukiza.

"Karibu, kijana. Keti. Si hapo, hapo pana upepo."

Jiko letu ni dogo. Wakikaa watatu, wa nne anasimama koridoni. Juu ya mlango, kwenye msumari, unaning'inia mfuko wa kitambaa cheupe, uliokwisha kuwa wa manjano. Nedim akautazama. Kila mgeni huutazama. Ndani yake mna mkate wenye alama ya meno ya baba yangu.

Ndivyo tulivyo sisi. Mtu wa nyumbani akisafiri mbali, hung'ata mkate mara moja tu, na uliobaki unatundikwa kumngoja arudi aumalize. Baba yangu alikuwa mgeni, fundi wa saa kutoka Tbilisi, alikula kwenye meza hii miaka mitatu. Akasema anakwenda wiki mbili. Akang'ata. Mimi nilikuwa na miaka miwili, sasa nina ishirini na sita, na mkate umekuwa jiwe. Mama yangu alilia, akakoma, akaolewa tena huko Surgut. Bibi hakulia wala hakukoma. Aliniambia mara moja tu, nilipotimiza miaka kumi na minane: "Mgeni mpe supu. Moyo usimpe."

Akapakua supu ya tokmach, tambi zimekatwa nyembamba kama nyuzi. Nedim akasema "Bismillahi" kwa sauti ya chini kabla ya kushika kijiko, na nikaona bega moja la Bibi likishuka.

"Kwenu mnasema hivyo pia?"

"Ndiyo, Bibi. Bibi yangu angenipiga kwa mwiko nisiposema."

"Mwiko wa mti au wa chuma?"

"Wa mti, Bibi."

"Mwanamke mwenye busara," alisema Bibi, na bega la pili likashuka. Akamwongezea nyama. Nedim akala. Akala kwa namna ambayo mpishi yeyote duniani angemwoza bintiye. Akafuta bakuli kwa mkate, akashusha pumzi. Nami moyoni nikawa nimeanza kupiga vigelegele, nikasema, mambo yamekwisha, mambo yamekwisha!

Ndipo akatoa daftari mfukoni. Akafungua, akashika kalamu, akamwinulia Bibi uso uliojaa shukrani.

"Bibi, na supu hii ni kiasi gani?"

Bomba la maji lilidondosha tone. Likadondosha la pili.

Nilitaka sakafu inimeze. Kosa lilikuwa langu! Mimi ndiye niliyemwambia kila kitu, kila bei, tangu asubuhi nimemzoesha kama kasuku.

"Kiasi gani," Bibi alirudia polepole.

"Bibi, hakukusudia..."

"Nyamaza, Tansilu. Nimemwelewa. Miaka sabini na nne ninapika. Nimelisha mazishi, nimelisha harusi, nimelisha wezi waliokuja kuomba maji. Hakuna aliyewahi kunitolea kalamu mezani." Akamnyang'anya bakuli. "Umeniletea nani humu? Mkaguzi?"

Nedim alisimama, kichwa kikagonga taa. "Bibi, nisamehe, mimi nilitaka tu kujua..."

"Kujua nini? Kama tumekupunja? Lete hicho kitabu nikuone!" Akalipokonya daftari, akavaa miwani yake iliyofungwa kwa uzi. "Tuone mwenzetu anavyotuandika. Echpochmak, mia na tisini. Nani amekuuzia echpochmak moja mia na tisini?"

"Hajui hesabu, Bibi," nikasema, machozi yakinilenga. "Tangu asubuhi anakosea."

"Chai, sabini. Chakula cha mchana, mia saba na themanini. Chumba kwa Vasilya, elfu kumi na tano, na hapa ameandika..." Akasogeza daftari karibu na dirisha. "Ameandika, 'Kuuliza kama kitanda ni kikubwa.' Hm."

Akarudi ukurasa wa kwanza. Akapitisha kidole, mstari kwa mstari.

"Kijana. Asubuhi ulikula echpochmak ngapi?"

"Moja, Bibi."

"Chai?"

"Moja."

"Na wewe, Tansilu?"

"Mimi sikula kitu."

"Basi ya pili ni ya nani?"

Nedim alikuwa mwekundu hadi masikioni. Hakumtazama Bibi, alinitazama mimi.

"Mwaka wa mtu mmoja ningeuweza hata bila daftari," alisema. "Ningekula mkate na chai, nani angejua? Niliogopa kumwomba mtu mwingine ale mkate na chai pamoja nami. Kwa hiyo leo nimehesabu wawili. Nilisema, wawili wakitosha kwenye mshahara ule, nitafungua mdomo. Wasipotosha, nitaondoka kimya." Akalionyesha bakuli kwa kidole. "Na supu niliuliza kwa sababu hiyo ndiyo supu ninayotaka iwe inapikwa kwetu. Sijui kuku anauzwa bei gani hapa, Bibi. Basi."

Nilishika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Siku nzima nimekuwa nikimcheka, kumbe alikuwa ameniketisha kwenye kila meza, amenipakulia kila sahani.

"Na wanatosha?" nikauliza, sauti kama ya mtu mwingine.

"Wanatosha," alisema. "Wanabaki na chenji ya kahawa ya mahameli."

"Maneno," alisema Bibi. Lakini alilisema kwa shida. Akavua miwani. "Hata yule wa mkate huo juu ya mlango alijua kuhesabu. Alinihesabia siku kumi na nne kwa vidole vyake. Mimi sisikilizi mdomo wa mtu, natazama mfuko wake. Wako una nini?"

Nedim akatia mkono mfukoni, akatoa tiketi, akaiweka mezani. Saa ya ukutani ilionyesha kumi na mbili na dakika kumi.

"Umeona, Tansilu? Mtu wa kubaki hana karatasi kama hii." Bibi akageuka kabatini. Alipogeuka tena alikuwa ameshika mkate, mzima, wa asubuhi ile, ukoko wake unang'aa kwa siagi. "Niliapa hakuna mgeni mwingine atakayeng'ata humu. Leo navunja kiapo, kwa ajili ya huyu mtoto, maana namwona anavyokutazama. Ng'ata, kijana. Mara moja. Kisha nenda kwenye treni yako. Ukirudi, nitajua ni nani. Usiporudi, nitakuwa na mifuko miwili, na huyu atakuwa na wa kwake wa kuutazama."

"Bibi, usimfanyie hivyo," nikalia.

"Ng'ata."

Nedim aliutazama mkate. Akautazama ule mfuko wa manjano juu ya mlango, na nikamwona ameelewa. Akaushika mkate kwa mikono miwili. Akang'ata.

Bibi akanyoosha mikono kuupokea.

Nedim hakuutoa. Alitafuna, akameza, akang'ata tena.

"Wewe! Mara moja!"

Akang'ata mara ya tatu, pande kubwa, mashavu yakavimba.

"Mara moja nimesema! Unaharibu! Unatakiwa ubakize! Tansilu, mwambie, huyu hajui mila, anaumaliza!"

"Bibi," alisema Nedim na mdomo umejaa, "anayebakiza si ni yule anayesafiri?"

"Ndiyo!"

"Basi mimi naumaliza." Akameza. "Kuna siagi?"

Sijui nilipiga kelele gani. Najua jirani aligonga ukuta. Nilimrukia shingoni pale pale, mkate katikati yetu, makombo yakimwagika kila mahali, yeye anacheka na kupaliwa, mimi nacheka na kulia, nikampiga mgongoni apate kupumua, na Bibi amesimama na mikono yake mitupu iliyonyooshwa kama mtu aliyeachwa na basi.

"Mpigie mkurugenzi!" nilimfokea. "Mpigie sasa hivi, kabla hujameza!"

Akapiga. Alimwambia mkurugenzi ndiyo, ndiyo, Jumatatu, ndiyo, na mkurugenzi akamuuliza kama anaumwa, kwa sababu alisikika kama mtu aliyejazwa pamba mdomoni. Nilikuwa nimeegemea bega lake. Niliisikia ndiyo ya nne ikipita kifuani mwake kabla haijatoka.

Bibi aliichukua ile tiketi, akaikunja mara nne, akaitia chini ya mguu wa meza unaochezacheza. Meza ikatulia. Kisha akapanda kwenye kigoda, akautungua mfuko wa manjano, akapuliza vumbi.

"Kesho asubuhi," alisema akinipa bila kunitazama, "uloweke, uwape ndege. Wameteseka sana baridi hii."

"Sawa, Bibi."

Alimpakulia Nedim bakuli la pili, akalisukuma mbele yake kwa nguvu, supu ikaruka.

"Wewe mkaguzi. Ulitaka bei?"

"Bibi, tafadhali, nimeshaomba radhi..."

"Shika kalamu! Mimi si mtu wa kukopesha. Bei ya supu yangu ni viazi. Mwezi wa tano, shambani kwetu ng'ambo ya Volga, magunia mawili ya mbegu, kupanda, kupalilia, na mwezi wa tisa kuvuna. Wengine husema mgeni apewe jembe siku ya tatu. Wewe umechelewa, hii ni ya kumi. Andika."

Nedim alifungua daftari. Akaandika, akamtazama Bibi, akafuta, akaandika tena. Nikajipenyeza chini ya mkono wake nichungulie, kwa kuwa sasa nilikuwa naijua njia yake ya kuhesabu, nami nilitaka kuona kama ameniweka.

Alikuwa ameandika: *Majembe, matatu.*